Pua ya Kuazima

Siku ya kusugua mabomba ya boila, mtu wa boila hakuja kazini. Alituma ujumbe tangu asubuhi: "Dada, tumbo linanisumbua, nitachelewa." Dada mtu akausoma, akaguna. Tumbo la mdogo wake lilikuwa na mazoea ya kuuma siku kama hiyo, na hakuna dawa iliyowahi kulituliza isipokuwa siku yenyewe kwisha. Kwa kawaida angemsubiri, amseme kidogo, kisha kazi ifanyike kesho yake. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya kukeneka pombe, na boila lenye masizi halichemshi upesi. Basi akavaa ovaroli, akachukua brashi ya waya yenye mpini mrefu, akaenda bandani mwenyewe.

Mama huyu watu walimwita Bi Pua. Jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa pua, ambayo ilikuwa ya kawaida tu, ya kuvutia pumzi na kushikia miwani. Alilipata kwenye kiwanda kikubwa cha pombe kali alikofanya kazi miaka kumi na minne. Alikuwa akisimama mlangoni tu, anakwambia tangi gani limeanza kuharibika na lipi limeachwa wazi. Wenzake walimtania kwamba ukipishana naye njiani anajua ulichokula juzi na uliyekula naye. Alipoacha kazi na kuanzisha kiwanda chake kidogo, chumba kimoja kirefu chenye mtungi wa shaba wa kukenekea, matangi matatu ya molasi na leseni iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu, jina la kuweka kwenye chupa halikumsumbua. Aliandika Bi Pua, na watu wakanunua.

Nyuma palikuwa na banda la boila. Mvuke wa boila ndio uliopasha mtungi moto, na boila lilikula mafuta machafu, maana dizeli ingekifilisi kiwanda kabla chupa ya kwanza haijajaa. Sasa, mafuta machafu yako ya aina mbili. Kuna yaliyochoka kwa kukaangia chipsi, na kuna oili inayomwagwa gereji kutoka kwenye injini. Yote yanawaka. Ila moshi wa chipsi unamtia mtu njaa, na moshi wa oili ya gereji unamtia mtu kikohozi, umebeba takataka za vyuma ambazo kifua cha mtoto hakina haja nazo. Na ng'ambo ya ukuta wa banda palikuwa na chekechea yenye watoto arobaini.

Mwalimu wa chekechea alikuja siku ile ile bomba la moshi liliposimamishwa, mikono kifuani. Hakuwa mtu wa kelele. "Mtachoma nini humo?" akauliza. Bi Pua akamwahidi kwamba halitaingia hata tone la oili ya gereji.

"Na nitajuaje?"

"Pua yangu ndiyo mlinzi," akasema Bi Pua, akaigusa kabisa kwa kidole. "Nitasikia harufu kabla yako. Siku nikishindwa, njoo uzime boila kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nitafunga mlango."

Wakapeana mikono, mdogo wake akiwa amesimama pale pale. Tangu hapo wanawake hao wawili wakawa marafiki wa kuchunguliana juu ya ukuta, kuombana chumvi, na kuwasengenya watu wa mtaa kwa kiasi.

Kisha pua ikafa. Hakuna neno jingine la kulisema jambo hili. Bi Pua aliugua homa siku tisa, akapona kila kitu isipokuwa pua. Alinusa sabuni, alinusa kitunguu, alinusa kitambaa kilichomwagikiwa mafuta ya taa, yote yakawa kama maji. Daktari akamwambia itarudi, asubiri. Miezi minane baadaye alikuwa bado anasubiri. Mtu mwingine angesema heri pua kuliko macho, akaendelea na maisha yake. Lakini mkeneka pombe anaishi kwa pua. Kinachotangulia kutoka bombani kinaitwa kichwa, kinanuka rangi ya kucha, na hakifai kunywewa. Baada yake unakuja moyo, mtamu, na huo ndio unaouzwa. Mwishoni unakuja mkia, unaonuka kitambaa kilicholala majini. Kazi yote iko katika kujua dakika ya kubadilisha chombo. Wako wanaotumia kipimajoto, lakini Bi Pua alikwisha sema mbele za watu, tena kwa madaha, kwamba kipimajoto ni cha wagonjwa. Sasa angekinunua kwa uso gani?

Alimwambia mtu mmoja tu, mdogo wake. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mtoto huyo mgongoni, akaja kumlipia chuo cha ufundi, akamfundisha boila hatua kwa hatua. Walikaa kwenye vigoda nyuma ya mtungi, akamweleza, na mdogo mtu akalia kuliko mgonjwa mwenyewe. "Dada, pua yangu si yako? Itumie." Wakapanga. Siku za kukeneka, mdogo mtu angekaa kwenye bomba la kutolea na vyombo vyake, na dada mtu angesimama kwenye valvu ya mvuke, upande wa pili wa mtungi, ili mgeni akiingia aone bosi yuko kazini. Spana ikigonga bomba mara moja, moyo umefika. Ikigonga mara mbili, mkia. Mambo yakaenda hivyo. Ni kweli pombe iliyopatikana ilipungua, lakini mdogo mtu alieleza kwamba molasi ya siku hizi imechakachuliwa. Ni kweli na wateja walipungua, lakini alieleza kwamba hali ya soko ni mbaya kwa kila mtu. Maelezo hayakumpungukia kijana yule hata siku moja.

Sasa, asubuhi hiyo, Bi Pua alifungua mlango wa boila, akaingiza brashi kwenye bomba la kwanza, akavuta. Kilichotoka hakikuwa masizi.

Mafuta ya chipsi huacha masizi meusi, laini, yanayopakaa kidoleni kama wanja. Hiki kilichodondoka juu ya viatu vyake kilikuwa jivu lenye weupe, limegandamana kama ukoko, na alipolisaga kwa vidole lilikwaruza. Alilifahamu. Kwenye kile kiwanda kikubwa walichoma oili ya gereji miaka nenda miaka rudi, na jivu la namna hii walilitoa kwa ndoo. Akajaribu bomba la pili, la tatu, la tisa. Ukoko mtupu. Na unene ule haukuwa wa wiki moja wala mbili.

Akaligeukia tangi la mafuta. Lilikuwa na kufuli. Mdogo wake ndiye aliyelitia, akisema watoto wa chekechea wasije wakaruka ukuta wakatumbukia, na yeye Bi Pua alimsifu kwa hilo, akamwambia ana moyo wa mzazi. Akachukua nyundo, akalivunja. Akachovya kidole. Mafuta ya chipsi yananata, ukitenganisha vidole yanavutika. Haya yaliteleza, membamba, yakaingia kwenye mistari ya ngozi yakaacha weusi usiofutika. Akakipeleka kidole puani, kwa mazoea tu. Hakupata kitu.

Hapo ndipo lilipomjia jambo lililomuumiza kuliko jivu. Miezi mitatu nyuma Mwalimu alichungulia juu ya ukuta, akauliza, "Jirani, siku hizi mnachoma nini?" Na yeye akacheka, akajibu, "Chipsi tu, jirani, au umeanza kusikia njaa?" Mwalimu alimtazama muda mrefu, kisha akashuka. Tangu siku hiyo hakukuwa na salamu, na madirisha ya chekechea ya upande huo yakafungwa hata kwenye joto kali. Bi Pua alidhani jirani yake ameota maringo. Alimlalamikia mdogo wake, na mdogo wake akasema, "Achana naye, dada, watu wana wivu." Sasa alielewa. Mtaa mzima ulikuwa unaisikia ile harufu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amesimama katikati yake, anacheka, anaapa kwamba ni chipsi. Mwili ukamwaka kwa aibu, pale pale bandani, bila mtu wa kumwona.

Hakumpigia mdogo wake simu. Alitoka na ovaroli lake lenye jivu, akaenda moja kwa moja kwa mama muuza chipsi wa barabarani, ambaye ndiye aliyewapa mafuta mengi kuliko wote.

"Shoga, siku hizi mafuta yako yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda wapi tena? Mdogo wako anayachukua kila Jumatano, hakosi." Mama wa chipsi alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata macho. "Anayapeleka kwenye kiwanda chenu kipya, huko nyuma ya mashine ya mbao. Na hongera, shoga! Tawi la pili si mchezo."

Bi Pua akatabasamu kwa meno tu. "Ahsante," akasema.

Nyuma ya mashine ya kupasulia mbao palikuwa na banda jipya la bati. Mdogo wake alikuwa ndani, kifua wazi, anakaza boliti na kupiga mluzi, tumbo lake zima kabisa. Ukutani yalipangwa madumu ya mafuta yenye mstari wa bluu, mstari ambao Bi Pua aliuchora mwenyewe kwa brashi. Palikuwa na boila dogo la kusimama na mtungi mdogo wa shaba. Na juu ya benchi palikuwa na safu mbili za mitungi ya kioo, imejaa, imezibwa vizuri.

"Tumbo linaendeleaje?" akauliza Bi Pua.

Mluzi ukakatika. "Dada! Nilikuwa nataka kukushtukiza."

"Umefanikiwa."

Mdogo mtu akacheka kidogo, akaona hachekewi, akaacha.

"Haya mafuta ni yangu," akasema Bi Pua.

"Ni yetu, dada. Nani anayezunguka kuyakusanya, kiguu na njia, si mimi? Boila lako kubwa, halichagui, linakula chochote unachokipa. Hili langu dogo, linataka mafuta safi. Nilisema nikisimama vizuri nitakwambia."

"Na watoto wa Mwalimu?"

"Watoto wote wanakohoa, dada."

"Ulikuwepo nilipompa mkono wangu. Ulisimama pale, ukasikia."

Mdogo mtu akachukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja, kama mtu aliyechoshwa na mteja msumbufu. "Lakini dada, harufu yenyewe huisikii. Inakuudhi nini?"

Bi Pua akamkazia macho. Alikuwa anamtafuta mtoto aliyemlea kwenye uso ule, na hakumwona. Siri aliyompa kwa machozi, kijana huyu aliifanya mlango wa uani, akawa anapita humo kila wiki akiingia na kutoka anavyotaka. Wezi alikwisha waona wengi maishani, na hasira za wizi alizijua. Hizi hazikuwa hasira za wizi.

"Hii umeikeneka lini?" akauliza mwishowe, akiielekea ile mitungi ya kioo. Aliuliza kwa sababu shaba ya mtungi mdogo iling'aa kama sufuria ya dukani, na tanuri la boila halikuwa na hata doa la moshi.

"Nilijaribu jaribu kidogo," akasema mdogo wake, macho pembeni.

Bi Pua akanyanyua mtungi mmoja wa kioo, akaukumbatia.

"Weka chini, dada. Unakwenda wapi nao?"

"Nakwenda kwa Mwalimu."

"Kumwambia nini? Ukisema yangu na mimi nasema yako. Nitawaambia wateja wote kwamba Bi Pua hana pua. Nani atanunua tena?" Akaja mpaka mlangoni, akalainisha sauti. "Tuwekeane kifua. Wewe nifichie, mimi nikufichie. Sisi si damu moja?"

Bi Pua akaenda zake. Mtungi ulikuwa mzito, na jua lilikuwa utosini, lakini hakusimama kupumzika.

Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, anapandanisha viti vidogo. Alimwona Bi Pua mlangoni, akaendelea na viti vyake.

"Mwalimu, nimekuja unizimie boila," akasema Bi Pua.

"Leo ndiyo umeisikia harufu?"

"Sijaisikia. Nimeona jivu." Akaonyesha ovaroli lake. "Sisikii harufu yoyote, Mwalimu. Tangu ile homa. Ungeniwekea panya aliyeoza hapa nisingejua. Mdogo wangu anasema atanitangaza, basi nimeona nimtangulie."

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Kwa hiyo nilipokuuliza pale ukutani."

"Niliamini ni chipsi."

"Ukacheka, dada. Nilikuwa nimetoka kumpeleka mtoto wa watu zahanati, hawezi kuvuta pumzi, nakuuliza, unanichekea."

"Nilicheka," akasema Bi Pua.

"Na mdogo wako alikuja hapa baada ya pale. Alikaa hapo hapo uliposimama. Akaniambia amekukanya mara nyingi mno, hukusikia. 'Dada yangu tamaa imempofusha, Mwalimu, tumvumilie.' Nikamwonea huruma. Nikampa chai."

Bi Pua alitaka kucheka, au kulia, kikatoka kitu cha katikati. Alimpikia kijana yule kila mchana, na kijana alikuwa anatoka kwenye sahani yake kwenda kumpaka matope ng'ambo ya ukuta.

Wakaenda bandani pamoja. Boila lilikuwa baridi, halikuwashwa siku hiyo, lakini ahadi ni ahadi. Bi Pua alimwonyesha Mwalimu valvu ya mafuta, akarudi nyuma. Valvu ilikuwa ngumu. Mwalimu aliizungusha kwa mikono miwili, akihema, mpaka ikajifunga kabisa, na Bi Pua hakumsaidia, kwa sababu hakuahidi hivyo.

"Sasa na mimi nina ombi," akasema Bi Pua baadaye, wakiwa ndani kwenye mtungi wa shaba. "Niazime pua."

"Mimi sinywi, unajua."

"Usinywe. Nusa tu."

Akaufungua ule mtungi wa kioo alioutoa kwa mdogo wake. Mwalimu akainama kwa tahadhari, kisha akainama zaidi. "Mh. Hii nzuri. Kama ndizi mbivu, na kitu kama maua kwa mbali."

Bi Pua akafungua dumu la wiki iliyopita, lile lililosubiri kutiwa kwenye chupa zenye jina lake. Mwalimu akaruka nyuma.

"Rangi ya kucha!"

"Nusa tena, tafadhali."

"Sina haja ya kunusa tena. Macho yenyewe yananiwasha."

Bi Pua akashika kiuno, akavitazama vyombo hivyo viwili, na hesabu yote ikajipanga yenyewe. Spana ilikuwa inagonga kabla ya wakati. Kichwa kikaingia kwenye dumu lake, na yeye, huko kwenye valvu, akafurahi kwamba moyo umefika. Moyo wenyewe ulipofika, mdogo wake aliuchota kimya kimya kwenye vyombo vyake, kisha akamrudishia mkia. Zile safu mbili nyuma ya mashine ya mbao hazikutoka kwenye mtungi mpya ambao haujawahi kuonja moto. Zilitoka hapa. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, nzuri kama siku zote, na hakuna mtu aliyeinywa kwa jina lake. Waliokunywa kwa jina lake walikunywa takataka, wakahama, na wala hakuwalaumu.

Kwenye rafu ya juu zilipangwa chupa ndogo za kumbukumbu, moja kwa kila mara walipokeneka, kama leseni inavyotaka. Kila moja ilikuwa na tarehe kwa mwandiko wa mdogo wake, mwandiko mzuri wa chuo. Bi Pua akapanda kwenye kigoda, akazishusha zote za tangu ile homa, akaziweka mezani kwa mstari.

"Anza na hii ya mwisho, urudi nyuma," akasema.

Mwalimu akafungua ya mwisho, akakunja uso, akaitenga kando. Akafungua iliyotangulia, akaitenga. Ya mwezi mmoja nyuma. Ya miezi miwili. Alikuwa sasa ananusa kwa mbali tu, mkono mmoja umeshika leso, machozi yanamtoka kwa ukali wa vile vitu. Ya miezi mitano. Alipofika hapo akasimama.

"Dada, jibu si umeshalipata? Niendelee ya nini?"

"Endelea."

Mwalimu akaendelea. Bi Pua alimtazama usoni kila kizibo kilipofunguka, jinsi zamani wengine walivyokuwa wakimtazama yeye, na kila mara uso ulikunjika. Ikabaki chupa moja, ya kwanza tangu homa, ya wiki ile aliyoinuka kitandani. Mwalimu akaifungua. Akainusa mara mbili, kwa uangalifu, ili asimwonee mtu. Kisha akaiziba, akaiweka pamoja na zile alizozitenga.

Bi Pua akatikisa kichwa, akaketi.

"Nilikuwa natafuta wiki moja," akasema. "Hata moja tu."